Loretta, Dolly au Willie: mtunzi wa kantri aanzie mlango gani?

Mwaka 1960 Loretta Lynn, mama wa watoto wanne, alikuwa ndani ya gari na mumewe, wakienda kituo kimoja cha redio hadi kingine kuomba santuri yake ichezwe. Usiku walilala humo humo garini. Mwaka huo huo Willie Nelson aliingia Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri Marekani, na gari la Buick kuukuu iliyokuwa karibu kukata roho, akiwa ameshauza nyimbo zake mbili kwa bei ya kutupa. Na Dolly Parton? Alikuwa na miaka 14, mwanafunzi kutoka milima ya mashariki mwa Tennessee, anayeimba kwenye vipindi vya Cas Walker mjini Knoxville kila alipopata usafiri.

Wote watatu walitoka katika ufukara, wote waliandika nyimbo zao wenyewe, na wote walifika. Ila kila mmoja aliingia kwa mlango wake, na kila mlango ulikuwa na kiingilio chake. Kijana anayeandika nyimbo leo hukutana na milango hiyo hiyo, hata kama yuko Kenya, ambako Jim Reeves na Kenny Rogers wamechezwa redioni na kwenye baa hadi wamekuwa kama majirani, na ambako Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba kantri. Ajirekodi mwenyewe na kujitembeza? Akae chini ya staa? Au aandikie wengine huku akisubiri zamu yake?

Nimeona mijadala mingi ya vijana kuhusu jambo hili, na karibu yote huishia kwenye kushabikia: wa Dolly huku, wa Willie kule. Ushabiki haumsaidii mtu mwenye gitaa na daftari. Kwa hiyo nitawapima watatu hawa kwa maswali yale yale matano: pesa ya kuanzia ilitoka wapi, wimbo ulibaki wa nani, ilichukua muda gani, walikuwa na uhuru kiasi gani wa kuimba walivyotaka, na walipotaka kuondoka, iliwagharimu nini.

Milango yenyewe, kwa ufupi

Loretta alizaliwa mwaka 1932 huko Butcher Hollow, Kentucky, binti wa mchimba makaa ya mawe. Aliolewa akiwa na miaka 15 na kuhamia Custer, jimbo la Washington, karibu na mpaka wa Canada. Gitaa lake la kwanza, Harmony la dola 17 kutoka duka la Sears, alinunuliwa na mumewe Oliver, ambaye watu walimwita Doolittle. Alijifundisha mwenyewe, akaanza kuimba kwenye kumbi na baa za huko. Mfanyabiashara wa mbao, Norm Burley, aliupenda uimbaji wake akatoa fedha, na Februari 1960 akarekodi Los Angeles wimbo wake "I'm a Honky Tonk Girl" chini ya lebo changa iliyoitwa Zero Records. Lebo hiyo haikuwa na watu wa kusambaza wala wa kutangaza. Doolittle akawasha gari. Wimbo ulifika nambari 14 kwenye chati ya kantri ya Billboard, na Oktoba mwaka huo Loretta alikuwa jukwaani Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la Nashville.

Dolly, wa nne kati ya watoto 12, alizaliwa mwaka 1946 katika wilaya ya Sevier, Tennessee. Mjomba wake, Bill Owens, ndiye aliyempa gitaa la kweli akiwa na miaka minane na kumzungusha kwenye redio. Mwaka 1959 alisafiri kwa basi na bibi yake hadi Louisiana kurekodi santuri yake ya kwanza, ambayo haikuvuma. Alimaliza sekondari mwaka 1964 na kesho yake akaenda Nashville. Alisajiliwa na lebo ya Monument mwaka 1965, lakini mlango halisi ulifunguka mwaka 1967, staa wa kantri Porter Wagoner alipomchukua kwenye kipindi chake cha televisheni.

Willie, wa Abbott, Texas, alizaliwa mwaka 1933 na kulelewa na babu na bibi. Alifanya kazi ya utangazaji wa redio Texas, na baadaye Vancouver, jimbo lile lile la Washington alikokuwa akiishi Loretta, na huko mwaka 1957 akajilipia santuri yake ya kwanza. Haikumpeleka popote. Aliposhika njia ya Nashville aliingia kama mwandishi: mtunzi mwenzake Hank Cochran alimsikia kwenye baa ya Tootsie's akampeleka Pamper Music, kampuni ya kuchapisha nyimbo.

Pesa ya kuanzia

Watu husema Loretta alijianzia mwenyewe, na hiyo ni nusu ya ukweli. Studio ililipiwa na Burley. Alichotoa yeye na Doolittle ni kile ambacho mtaji wa maskini umekuwa siku zote: nguvu zao. Siku nzima barabarani, kikao na mtangazaji asiyewajua, kisha barabara tena. Leo wimbo hupandishwa mtandaoni kwa dakika chache, na vijana hudhani kazi hiyo imekwisha. Haijaisha. Mtangazaji aliyeonana nawe uso kwa uso hucheza wimbo wako tofauti na aliyetumiwa kiungo.

Kwa Dolly, pesa ilikuwa ya mwingine, na hatari pia. Porter alipoitaka lebo ya RCA imsajili Dolly, Chet Atkins aliyekuwa mkuu wa ofisi yake ya Nashville hakuvutiwa na sauti yake. Porter akamwambia hasara yoyote itakayotokea ikatwe kwenye mirabaha yake mwenyewe, yaani malipo anayopata kwa kazi zake kuuzwa na kuchezwa. Tafakari uzito wa neno hilo kabla ya kumlaumu Porter kwa yaliyofuata: ni wachache wanaoweza kukuwekea dhamana ya namna hiyo.

Willie alipata posho: dola 50 kwa wiki kutoka Pamper. Cochran alikuwa ameahidiwa nyongeza ya kiasi hicho hicho, akaiachia ili Willie aajiriwe. Dola 50 hazikumtajirisha mtu mwenye mke na watoto watatu, lakini zilifika kila wiki, na alilipwa tangu mwanzo kwa kazi ya kuandika tu.

Wimbo unabaki wa nani

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoliwa.

Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na sauti za wimbo. Ya pili ni ile rekodi yenyewe, masta. Utunzi kwa desturi ya Marekani hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mtunzi na mchapishaji wake, ambaye kazi yake ni kuutafutia wimbo waimbaji na kukusanya fedha. Kutoka mwaka 1909 hadi mwisho wa 1977 sheria ya huko iliweka senti mbili za dola kwa kila nakala iliyouzwa. Piga hesabu: santuri milioni moja, dola 20,000, toa nusu ya mchapishaji, mtunzi anabaki na 10,000. Si utajiri. Fedha ndefu zilikuwa redioni, kwa sababu redio ya kawaida Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji, haimlipi mwimbaji. "Crazy", wimbo wa Willie ulioimbwa na Patsy Cline, ukipigwa kituo cha Texas asubuhi hii, anayeandikiwa malipo ni Willie, si mwimbaji.

Willie alijifunza hili kwa kuungua. "Family Bible" aliiuza dola 50, na Claude Gray alipoiimba ikawa kibao mwaka 1960, jina la Willie halikuwepo kabisa kwenye orodha ya watunzi. "Night Life" aliiuza dola 150. Alikuwa na njaa, na mwenye njaa hana mjadala. Lakini alipoingia Pamper, mfumo ulibadilika: kampuni ilichukua fungu la mchapishaji, yeye akabaki na jina lake na fungu la mtunzi. Mwaka 1961 pekee Faron Young aliipeleka "Hello Walls" nambari 1, Patsy Cline akaifikisha "Crazy" nambari 2, na Billy Walker akarekodi "Funny How Time Slips Away". Mirabaha hiyo ndiyo iliyombeba miaka yote ambayo hakuna aliyetaka kumsikia akiimba.

Dolly alikuwa na bahati ya kuwa na mjomba mwenye akili ya biashara. Yeye na Bill Owens waliunda kampuni yao ya uchapishaji, Owepar, katikati ya miaka ya 1960, kabla jina lake halijawa kubwa. Porter aliingia na hisa baadaye, na hilo lilizaa matatizo, lakini msingi ulishawekwa: nyimbo zinakaa nyumbani. Elvis Presley alipotaka kuimba "I Will Always Love You" miaka michache baadaye, meneja wake Colonel Tom Parker alidai nusu ya haki za uchapishaji. Dolly alikataa, akalia usiku kucha kwa maelezo yake mwenyewe. Whitney Houston alipourekodi wimbo huo mwaka 1992 na kukaa wiki 14 kileleni mwa Billboard, haki zilikuwa bado za Dolly.

Sasa Loretta, na hapa ndipo ninaposhangaa kila ninaporudia historia hii. Yeye ndiye aliyeanza huru kuliko wote, mguu wake mwenyewe, wimbo wake mwenyewe. Na yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Alipofika Nashville alipokewa na ndugu wawili, Teddy na Doyle Wilburn, waliokuwa na kampuni ya uchapishaji iitwayo Sure-Fire. Walimsaidia kweli. Doyle alipeleka demo (rekodi ya majaribio) ya Loretta kwa Owen Bradley, prodyuza wa lebo ya Decca; Bradley aliutaka wimbo uliokuwemo kwa ajili ya mwimbaji Brenda Lee, na Doyle akagoma kuutoa mpaka Loretta asajiliwe. Lakini utunzi wake wa miaka hiyo ulikwenda Sure-Fire, kwa mkataba ambao alikuja kupigana nao mahakamani kwa takribani miaka 30 bila kuzipata haki za nyimbo hizo.

Kwa hiyo usidhani mlango unaoingilia ndio unaolinda wimbo. Aliyeingia huru alipoteza, aliyeingia chini ya bwana alibaki nazo, na aliyeziuza mwanzoni alijirekebisha njiani. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi iliyotiwa saini wiki ya kwanza mjini, wakati mtu bado ana shukrani nyingi na maswali machache. Kama uko Tanzania au Kenya, kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA (Tanzania) au KECOBO (Kenya), kabla ya kuipeleka kwa prodyuza ni hatua ndogo isiyohitaji jina kubwa.

Muda

Loretta: santuri ya kwanza 1960, nambari 1 ya kwanza mapema 1967 na "Don't Come Home A-Drinkin'". Miaka saba.

Dolly: kufika Nashville 1964, nambari 1 ya kwanza akiwa peke yake 1971 na "Joshua". Miaka saba. Wanawake wawili, milango miwili tofauti, saa ile ile. Ukihesabu tangu ile santuri ya Louisiana ni 12, lakini tumwachie utoto wake.

Willie ana saa mbili. Kama mtunzi, mwaka mmoja tu: aliwasili 1960, na kufikia mwisho wa 1961 kila mtu mjini alijua kalamu yake. Kama mwimbaji, 15. Nambari 1 yake ya kwanza ilikuja mwaka 1975, akiwa na miaka 42, na kwa kejeli ya maisha haukuwa hata wimbo wake: "Blue Eyes Crying in the Rain" uliandikwa na Fred Rose.

Uhuru wa kuimba utakavyo

Loretta hakuwa na kingine cha kuimba zaidi ya maisha yake, na kwa kuwa alikuja na wimbo wake uliokwishafika kwenye chati, hakuna aliyejaribu sana kumgeuza. Owen Bradley alimwacha na lafudhi yake ya milimani. Aliimba kuhusu mume mlevi, kuhusu mwanamke anayemtamani mume wa mwenzake, na watu walijua anasema nini kwa sababu Doolittle mwenyewe alikuwa ndiye mada. Mume huyo alikuwa dereva, meneja, na mara nyingi ndiye kosa lenyewe lililogeuzwa wimbo. Mpaka ulikuwepo, hata hivyo. "The Pill", wimbo kuhusu uzazi wa mpango, ulitoka mwaka 1975, miaka kadhaa baada ya kurekodiwa, na vituo vingi vilikataa kuupiga.

Dolly alipita kwanza kwenye mikono ya watu waliodhani wanajua anachopaswa kuwa. Fred Foster wa Monument aliona sauti yake ni nyembamba mno kwa kantri, akamwelekeza kwenye nyimbo za pop. Haikushika. Kilichobadilisha mawazo yao ni wimbo alioandika na mjomba wake, "Put It Off Until Tomorrow", ambao Bill Phillips aliufikisha kumi bora mwaka 1966 huku Dolly akisikika nyuma yake, na watu wakaanza kuuliza yule msichana ni nani. Angalia hapo: hata Dolly alipitia kidogo mlango wa Willie.

Kwenye kipindi cha Porter, mwanzo ulikuwa mchungu. Watazamaji walikuwa wamemzoea Norma Jean, mwimbaji aliyemtangulia Dolly hapo, wakawa wanamwita Norma Jean huku Dolly akiwa jukwaani. Porter alisimama naye, akaimba naye nyimbo za wawili hadi hadhira ikakubali. Pia ndiye aliyemshauri aimbe "Mule Skinner Blues", iliyompa mafanikio yake makubwa ya kwanza akiwa peke yake mwaka 1970. Lakini Porter ndiye aliyekuwa anaamua. Nyimbo, mpangilio, safari, mavazi. Hata hivyo Dolly aliandika "Coat of Many Colors" akiwa kwenye basi la Porter, juu ya karatasi ya risiti ya dobi iliyotoka kwenye suti ya Porter. Sijui picha gani ingeeleza vizuri zaidi maisha ya kuwa chini ya staa: karatasi ni yake, wimbo ni wako.

Willie kama mwandishi alikuwa huru kabisa. Kama mwimbaji hakuwa na uhuru wowote. Huimba nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu anayezungumza, na maprodyuza wa Nashville walitaka kumnyoosha. RCA, alikoingia katikati ya miaka ya 1960, walimpa vinanda vya nyuzi na kwaya. Hata Patsy Cline mwanzoni hakuupenda "Crazy" alipousikia kwa uimbaji wa Willie. Ilibidi Owen Bradley, yule yule wa Loretta, autengenezee njia nyingine.

Kuondoka

Kila msomaji wa habari za burudani za Dar es Salaam anajua kwamba kuingia lebo ni sherehe na kutoka ni kesi. Nashville haikuwa tofauti.

Dolly alimwahidi Porter miaka mitano, akakaa saba. Maneno ya kuondoka yalishindikana kwa mdomo, basi akaandika "I Will Always Love You" na kumwimbia ofisini. Aliondoka kwenye kipindi mwaka 1974. Mwaka 1979 Porter alimshtaki akidai dola milioni 3, wakamalizana nje ya mahakama kwa kiasi kinachotajwa kuwa karibu milioni 1. Ghali? Sana. Lakini alitoka na nyimbo zake, na miaka mingi baadaye walipatana.

Loretta alipoachana na akina Wilburn mwanzoni mwa miaka ya 1970, jina halikuathirika. Mwaka 1972 alikuwa mwanamke wa kwanza kutajwa Mtumbuizaji Bora wa Mwaka na chama cha muziki wa kantri cha Marekani. Kilichoathirika ni kalamu. Kwa sababu ya ile mikataba aliacha karibu kabisa kuandika, akawa anaimba zaidi nyimbo za watu wengine. Hebu fikiria, mtu aliyeandika "Coal Miner's Daughter" anaweka kalamu chini kwa sababu hataki kumwandikia mtu asiyempenda tena. Kwangu mimi hasara hiyo haina hesabu ya fedha.

Willie hakuwa na bwana mmoja wa kumkimbia, alikuwa na mji mzima. Desemba 1970 nyumba yake ya Ridgetop, Tennessee, iliungua. Alikimbilia ndani kuokoa gitaa lake, Trigger. Akarudi Texas. Mwaka 1972 alipanda jukwaa la Armadillo World Headquarters mjini Austin, mbele ya mahipi na wachunga ng'ombe waliochanganyika, na miaka mitatu baadaye lebo ya Columbia ilimpa ruhusa ya kurekodi albamu ya "Red Headed Stranger" alivyotaka mwenyewe, gitaa na ukimya mwingi. Aliweza kungoja hivyo kwa sababu nyimbo za zamani zilikuwa zinaleta chochote.

Kulingana na hali yako

Una familia, huwezi kuhama, na una wimbo mmoja ambao kila unapouimba mahali watu wanauliza ni wa nani: mlango wa Loretta unakufaa. Unahitaji mtu wa karibu asiyechoka barabarani, awe mwenzi, dada au rafiki, kwa sababu kujitembeza ni kazi ya watu wawili. Jua pia kwamba mlango huu haufiki mwisho. Utakupeleka hadi kizingiti cha mtu mwingine mwenye uwezo. Wimbo wa kwanza uufikishe hapo ukiwa wako, na ukifika usitie saini siku hiyo hiyo.

Una miaka 18 au 20, huna wa kukutegemea, sauti yako ni ya ajabu kiasi kwamba watu wanahitaji kuizoea: fikiria mlango wa Dolly. Staa atakukopesha hadhira ambayo ungeitafuta miaka kumi. Muda wa kukaa uandikwe, na kampuni ya nyimbo zako, hata kama ni karatasi tu, iwepo kabla hujaingia kwenye basi lake. Kama huwezi kuvumilia kuambiwa vaa hivi na imba hivi, usijitese. Utaondoka mwaka wa pili na jina la mtovu wa shukrani.

Unaandika haraka na kwa wingi, jukwaa linakutia kichefuchefu, au sauti yako si ya fasheni ya sasa: andikia wengine kama Willie. Huko kwetu soko hilo lipo zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa waimbaji wa injili na bendi za harusi wanaohitaji nyimbo mpya kila mara. Omba jina lako liandikwe kila mahali, hata malipo yakiwa madogo. Na jiulize kwa dhati kama unaweza kumsikia mwingine akipigiwa makofi kwa maneno yako kwa miaka 15. Wapo wasioweza, na si aibu.

Kama unavutwa na milango miwili, changanya. Dolly aliandikia wengine kabla ya Porter, Willie alikuwa mpiga besi wa mwimbaji Ray Price katikati ya kuandika, na Loretta aliishia kwenye kipindi cha televisheni cha akina Wilburn. Hakuna kati yao aliyebaki kwenye mlango mmoja.

Na kama tayari umeshauza wimbo mzuri kwa bei ya chakula cha wiki, uko pamoja na Willie. Hata baada ya kuziuza zile mbili alitaka kuuza na wa tatu: "Hello Walls" aliupeleka kwa Faron Young akitaka dola 500. Young alikataa kuununua, akamkopesha hizo 500 na kumwambia abaki na wimbo wake. Willie alipotaka kurudisha, Young hakuzipokea. Alisema badala yake Willie amnenepeshee ng'ombe. Miaka mingi ikapita, na siku moja Willie akamletea dume zima.